Nusu Kaputi ya Mbwa

Waliotutangulia katika lugha hii walikuwa na kipaji cha kuita vitu kwa majina yanayovistahili. Dawa ile anayopewa mgonjwa kabla ya kupasuliwa waliiita nusu kaputi. Kaputi, neno ambalo wengi wetu huliunganisha na Wajerumani waliotutawala, ni kwisha, kuharibika, kufa. Basi nusu kaputi ni nusu ya kufa. Madaktari wa siku hizi wanapenda kusema "dawa ya usingizi", jina la upole lisilomtisha mgonjwa. Mimi bado napendelea lile la zamani, kwa kuwa linasema kweli. Anayelala usingizi wa kawaida ukimchoma sindano ataamka. Aliyepewa nusu kaputi haamki, na mtu anayemsimamia hana budi kuhakikisha kwamba ile nusu ya pili haifiki.

Neno hili limenijia mwaka huu kwa sababu ya mbwa. Mbwa wangu Popi, mwenye umri wa miaka tisa, alianza kunuka kinywa kiasi cha wageni kusogeza viti. Daktari wa mifugo, binti mmoja mwenye heshima zake, alimfunua mdomo, akanionyesha ukoga uliogeuka jiwe, akasema: "Mzee, haya meno nitayasafisha, lakini itabidi nimlaze kabisa." Nilicheka. Nilimwambia kwamba mimi mwenyewe nimeng'olewa magego mawili kwa sindano ya ganzi tu, na babu yangu aling'olewa bila hata hiyo ganzi. Nusu kaputi kwa ajili ya kupigisha mbwa mswaki! Nikamchukua mbwa wangu nikaondoka. Nitarejea kwa Popi baadaye. Kwanza nataka kueleza yale niliyoyasoma tangu siku ile, maana aibu nayo ni mwalimu wa historia.

Tuanze na punda. Mwingereza mmoja aitwaye Charles Waterton, bwana mwenye mali na vituko vingi, alirejea kwao kutoka Guiana, Amerika ya Kusini, akiwa na sumu ambayo wenyeji wa huko hupaka kwenye mishale. Wazungu waliiita wourali au kurare. Isichanganywe na sumu ya mishale ya kwetu. Ile ya Wakamba na Wagiriama hushambulia moyo. Kurare hulegeza misuli, mmoja baada ya mwingine, hadi ile inayovuta pumzi, na mnyama hufa kwa kukosa hewa huku moyo wake ukidunda vizuri tu. Mwaka 1814, katika chuo cha madaktari wa wanyama mjini London, punda jike alichomwa sumu hiyo begani. Katika dakika kumi alikuwa chini kama mzoga. Wakampasua koo la hewa, wakachomeka mvukuto, wakawa wanampulizia hewa mapafuni kama mhunzi anavyopuliza moto. Baada ya saa mbili punda aliinua kichwa akatazama huku na huku. Walipoacha kupuliza akaanguka tena. Wakapuliza saa mbili nyingine, na safari hii akasimama na kutembea. Akapewa jina la Wouralia, akapelekwa shambani kwa Waterton huko Walton Hall, akala majani bila kubebeshwa mzigo hadi alipokufa mwaka 1839, miaka 25 baada ya kufufuliwa.

Ni kisa cha kufurahisha, na kila mwandishi wa historia ya tiba hukisimulia kwa furaha, kwa kuwa ile mashine ya kumpumulia mgonjwa inayotumika leo katika vyumba vya upasuaji ni mjukuu wa ule mvukuto. Lakini fikirini kidogo. Kurare haiondoi maumivu. Haigusi akili. Punda yule alipopasuliwa koo alikuwa amelala kimya kwa sababu hakuwa na msuli hata mmoja wa kumtikisia mguu. Je, alisikia kisu? Kwa jinsi tunavyoielewa dawa hiyo leo, ikiwa hewa ilikuwa haijamwishia kichwani kiasi cha kuzimia, basi alisikia kila kitu. Msomaji alishike jambo hili: kutulia na kutosikia maumivu ni vitu viwili. Makosa mengi katika habari hii yametokana na kuvichanganya.

Miaka kumi baada ya punda, yaani mwaka 1824, daktari kijana wa mashambani Uingereza, Henry Hill Hickman, alichapisha kijitabu kuhusu jambo ambalo hakuna aliyetaka kulisikia. Aliwafunika mbwa na wanyama wengine wadogo kwa kioo, akawavutisha gesi ya kaboni dioksidi hadi wakazimia, akawakata masikio na viungo, kisha akawaona wakizinduka bila kuonyesha kwamba walijua lililowapata. Alichokifanya kwa hakika kilikaribia zaidi kumnyonga mnyama kuliko kumlaza. Hata hivyo wazo lilikuwa sahihi, na alilipata zaidi ya miaka ishirini kabla ya Wamarekani: kwamba mtu anaweza kufanywa asisikie kisu kwa kuvuta hewa fulani. Wakubwa wa Uingereza walimpuuza. Mwaka 1828 akamwandikia Mfalme Charles wa Kumi wa Ufaransa. Huko nako hakufika mbali. Akafa mwaka 1830, umri wake miaka 30.

Kisha ikaja ile tarehe inayoadhimishwa, 16 Oktoba 1846, mjini Boston, Marekani. Daktari wa meno William Morton alimvutisha mgonjwa aitwaye Gilbert Abbott mvuke wa etha, na mpasuaji John Collins Warren akamkata uvimbe shingoni bila makelele. Naomba msomaji aone kwamba aliyelaza alikuwa daktari wa meno. Aliyemtangulia, Horace Wells, aliyejing'olesha jino kwa gesi ya kuchekesha Desemba 1844, naye alikuwa daktari wa meno. Ni jino lililotuletea nusu kaputi. Mimi niliyecheka niliposikia usingizi na meno vikitajwa pamoja sikuwa nalijua hilo. Tena Morton, kwa maelezo yake mwenyewe, kabla ya kumgusa binadamu alikuwa amemlaza kwa etha mbwa wake wa nyumbani.

Utaratibu huo uliendelea. Mwaka 1847 Mfaransa Flourens alijaribu klorofomu kwa wanyama miezi kadhaa kabla Simpson wa Edinburgh hajaitumia kwa wanawake waliokuwa wakijifungua. Mwaka 1884 Carl Koller wa Vienna alidondoshea kokeini kwenye jicho la chura, halafu la sungura, halafu la mbwa, kisha lake mwenyewe, na hapo ndipo dawa ya ganzi ilipozaliwa. Mimi nilipong'olewa magego yangu bila kupiga kelele, deni langu la kwanza lilikuwa kwa chura.

Kisa kilichonikaa moyoni zaidi ni cha Hyderabad, India. Klorofomu ilikuwa tamu kuvuta na rahisi kubeba, lakini tangu mwanzo ilikuwa na kawaida ya kuua ghafla. Msichana wa miaka 15, Hannah Greener, alikufa mikononi mwa daktari Januari 1848 karibu na Newcastle alipokwenda kutolewa ukucha wa kidole cha mguu tu. Kwa miaka arubaini wataalamu wakabishana: je, kinachosimama kwanza ni pumzi au moyo? Mwaka 1888 na 1889 daktari mmoja Mwingereza, Edward Lawrie, kwa fedha za Nizamu wa Hyderabad, aliwaua kwa klorofomu mamia ya wanyama, wengi wao mbwa, lakini nyani na farasi pia hawakusalimika, ili apate jibu. Jibu lake lilikuwa kwamba pumzi husimama kwanza. Ukilinda pumzi, moyo huna haja ya kuuhofia. Jibu hilo halikuwa sahihi. Mwaka 1911 Goodman Levy alionyesha, kwa paka, kwamba klorofomu kidogo, mnyama akiwa bado na hofu mwilini, inaweza kuufanya moyo utetemeke na kusimama papo hapo. Kwa maneno mengine, usingizi wa nusunusu ulikuwa wa hatari kuliko usingizi kamili. Mbwa wa Hyderabad walikufa, na ukweli haukupatikana.

Sasa nauliza: katika miaka yote hiyo ambayo wanyama walilazwa ili sisi tujue, je, walilazwa pia kwa faida yao wenyewe? Kidogo mno. Farasi aliyehitaji kupasuliwa aliangushwa kwa kamba, akafungwa miguu minne pamoja, na kitanzi kikasokotwa kwenye mdomo wake wa juu ili uchungu wa mdomo umsahaulishe uchungu wa kisu. Mbwa alifungwa mdomo akashikwa. Si kwamba madaktari wa wanyama hawakuijua etha. Mwaka 1847, miezi tu baada ya Boston, Edward Mayhew wa London aliijaribu kwa mbwa na paka. Walilia walipokuwa wakilewa, naye hakuweza kujua kama kile kilio kilikuwa cha maumivu au la, basi akakata tamaa. Namheshimu kwa hilo, angalau alisikiliza. George Dadd wa Boston alikuwa miongoni mwa wachache walioishika dawa hiyo tangu miaka ya 1850. Wengine waliona kamba inatosha. Kamba haiui mgonjwa, haina gharama, na mgonjwa mwenyewe hana ulimi wa kushitaki.

Na nyuma ya kamba kulikuwa na falsafa. Tangu karne ya 17, wafuasi wa Descartes walifundisha kwamba mnyama ni kama saa ya ukutani: hulia kwa sababu chuma kimegusa chuma. Tusijidhani sisi wa zama hizi tumepona kabisa ugonjwa huo. Hadi miaka ya 1980, katika hospitali kubwa za Ulaya na Marekani, watoto wachanga walipasuliwa kwa dawa ya kulegeza misuli na usingizi kidogo sana au hakuna, kwa kuamini kwamba mtoto wa siku chache hajui maumivu. Ulikuwa utafiti wa Anand na wenzake, uliochapishwa mwaka 1987, uliosaidia kuwabadilisha madaktari mawazo. Binadamu mchanga alikuwa amewekwa fungu moja na punda Wouralia.

Uingereza ilipitisha sheria mwaka 1919 iliyolazimisha dawa ya usingizi au ganzi kwa operesheni kadhaa za wanyama, na kuziacha nyingine. Kabla ya hapo, mwaka 1915, Frederick Hobday, aliyekuwa amelaza maelfu ya mbwa na paka, alitoa kitabu kizima juu ya kazi hiyo. Katika nchi yetu tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Hata hivyo, nenda kijiji chochote cha wafugaji uone fahali anavyohasiwa kwa koleo huku vijana wanne wamemkalia. Lignokeini, dawa ya ganzi iliyogunduliwa na Msweden Löfgren mwaka 1943, ingetosha. Ng'ombe hata halazimiki kulazwa. Kwa kweli ni hatari kumlaza, kwa kuwa tumbo lake hujaa gesi na chakula kikapanda hadi kooni. Hupasuliwa akiwa amesimama, ganzi ubavuni, akicheua.

Lakini Afrika ya Mashariki si mtazamaji tu katika historia hii, na hapa naomba msomaji ajivune kidogo. Mwishoni mwa miaka ya 1950, daktari wa wanyama mzaliwa wa Uholanzi, Toni Harthoorn, alifanya kazi Uganda kisha Kenya. Yeye na wenzake walikuwa wakiwapiga swala wa Uganda kwa vishale vyenye dawa ili wawashike na kuwachunguza. Dawa ya kwanza ilikuwa saksinilkolini, ndugu wa mbali wa kurare: mnyama analegea, anaanguka, na anajua kila kitu. Ukikosea uzito wake kidogo tu, pumzi inasimama. Mnyama wa porini, aliyezaliwa kuukimbia mguu wa mtu, analazwa chini macho wazi na kushikwashikwa na watu asiweze hata kukonyeza. Harthoorn hakuridhika, akatafuta dawa zinazolevya akili na si misuli tu. Katika miaka ya 1960 ikapatikana etofini, jamaa ya mofini yenye nguvu zaidi ya mara elfu. Miligramu chache humwangusha kifaru wa tani moja, na ipo dawa nyingine ya kumzindua, akasimama na kwenda zake. Mchubuko mdogo wa sindano hiyo unaweza kumwua daktari mwenyewe, ndiyo maana anayeishika huwa na mwenzake pembeni mwenye dawa ya kuzindua. Vifaru walihamishwa kutoka Umfolozi, Afrika Kusini, kwa ujuzi huo. Na Wamarekani wakatengeneza mchezo wa televisheni uliotokana na kazi ya Harthoorn, ukaonyeshwa kuanzia 1966 hadi 1969, jina lake "Daktari". Walipiga picha nyingi California, lakini neno walilichukua kwetu.

Kwa hiyo kifaru analazwa sawasawa kwa heshima zote. Turudi kwa Popi.

Nilipoondoka kwa yule binti nilimpata fundi mmoja aliyeniambia kwamba habari za usingizi ni biashara. Yeye angekwangua meno ya mbwa dakika ishirini, bei nusu, mbwa akiwa macho. Vijana watatu wakamshika Popi, kipande cha mti kikakaa kati ya taya zake, na chuma kikaanza kazi. Nilikaa nje. Nilimsikia. Mwanzoni alibweka, halafu akawa analia sauti nyembamba ambayo sikuwahi kuisikia kwake, na mwisho akanyamaza. Nilifurahi aliponyamaza, nilisema sasa amezoea. Alitoka meno meupe kama ya tangazo la dawa ya mswaki. Tangu siku hiyo, nikinyoosha mkono kumkuna kidevu, alikuwa anainamisha kichwa na kurudi nyuma.

Baada ya miezi mitano akavimba chini ya jicho la kulia. Nilirudi kwa binti. "Shikamoo mzee," alisema, wala hakunikumbusha kicheko changu. Alinieleza kwa utulivu. Ukoga unaoonekana ndio mdogo. Ugonjwa uko chini ya ufizi, kwenye mzizi, na huko chuma hakifiki kwa mnyama aliye macho, kwa kuwa ndipo panapouma zaidi. Ukikwangua juu umempaka chokaa mtu mwenye kidonda. Halafu, ile mashine ya kusafishia hurusha maji, na maji yale yamebeba uchafu wa kinywa. Mbwa aliyelazwa huwekewa bomba kwenye koo la hewa ili matone yasiingie mapafuni. Jino la juu la nyuma la Popi, lile kubwa la kukatia mifupa, lilikuwa limeoza mzizini, na usaha ulikuwa umetafuta njia hadi chini ya jicho. Alikuwa akitafuna upande mmoja kwa miezi. Mimi ninayempa chakula kila jioni sikuona.

Nilimwuliza swali ambalo pengine ndilo lililonikimbiza mara ya kwanza: akifa je? Hakunificha. Uchunguzi mkubwa uliofanyika Uingereza kati ya 2002 na 2004, wa mbwa wapatao 98,000 na paka wapatao 79,000, ulikuta kwamba walikufa mbwa 17 kwa kila 10,000 na paka 24 kwa kila 10,000. Kwa mbwa wenye afya ilikuwa mmoja kwa kila 2,000. Farasi ana bahati mbaya zaidi. Kwake, kwa uchunguzi mwingine, ni karibu mmoja kwa kila 100, hata ukiwatoa wale wenye ugonjwa wa tumbo, kwa sababu ya uzito wake na kwa sababu akizinduka kwa hofu huweza kujivunja mguu. Binti akaongeza kwamba hayo ni ya Uingereza, penye mitambo ya kila namna, na yeye hapa anatumia zailazini na ketamini za sindano, ile ile ketamini wanayopewa watu katika hospitali zetu za wilaya, pamoja na macho yake mwenyewe. "Tena mzee," alisema, "katika ule uchunguzi, karibu nusu ya mbwa waliokufa walikufa operesheni ikiwa imekwisha, wengi katika saa tatu za kwanza. Watu wanadhani kazi imemalizika, wanaondoka."

Nikatia sahihi. Popi hakupewa chakula tangu usiku. Alichomwa sindano huku nimemshika kichwa, na katika dakika chache ule mzigo wa kichwa chake ukawa wote mkononi mwangu. Jino lilitoka vipande vitatu. Binti aliniwekea kwenye kitambaa, mzizi mmoja mweusi kama mkaa.

Saa saba na nusu alimleta kwenye blanketi chumba cha nyuma, akanipa kiti. Akanionyesha rangi ya ufizi inayotakiwa na jinsi ya kuhesabu pumzi kwa kutazama mbavu, akanikabidhi saa yake ya mkononi, akaenda kwa mgonjwa mwingine, mlango akauacha wazi. Nikahesabu. Saa nane, pumzi kumi na mbili kwa dakika. Saa nane na nusu, kumi na nne. Saa tisa na robo sikio lilicheza. Saa kumi kasoro dakika tano aliinua kichwa, akatazama huku na huku, akakishusha tena, safari hii juu ya kiatu changu.